Kutoka mabano hadi programu inayojiendesha: mradi wa Common Lisp kwa SBCL, hatua kwa hatua

Anayekuja kwenye Lisp kutoka Python au C huhangaishwa na mabano siku mbili tatu, kisha anayazoea. Kinachomsumbua kwa miezi ni jambo jingine: katika Lisp huandiki faili, ukaliendesha, likafa. Unafungua Lisp asubuhi, unaipa fanksheni moja moja, unazibadilisha huku programu inaendelea, na yote hayo yanakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hali hiyo hai huitwa imeji. Imeji na faili zako kwenye diski ni vitu viwili, na polepole huachana. Ukilishika hilo, nusu ya makosa yaliyoelezwa hapa chini utayajua kabla hayajakupata.

Tutatengeneza programu ndogo, hesabu-maneno, inayosoma faili la maandishi ya Kiswahili na kutoa maneno 20 yanayojirudia zaidi. Ni ndogo, lakini inagusa kila kitu: maktaba, usimbaji wa herufi, debaga (sehemu inayokuwezesha kukagua kosa programu inaposimama), na kufunga programu ili iendeshwe kwenye mashine isiyo na Lisp.

Kwa nini SBCL

Common Lisp ni lugha yenye kiwango rasmi, ANSI ya mwaka 1994, na ina kompaila kadhaa (programu zinazotafsiri kodi ili mashine iielewe) zinazokifuata. SBCL, mojawapo ya hizo, ilichipuka kutoka nyingine iitwayo CMUCL mwaka 1999. Hukompaili moja kwa moja hadi lugha ya mashine, ni ya bure, na hutoa toleo jipya karibu kila mwezi. ECL inafaa ukitaka kuipachika Lisp ndani ya programu ya C, na ABCL ukiwa umefungwa kwenye Java. CLISP ni nyepesi, ila toleo lake la mwisho kutangazwa rasmi, 2.49, ni la mwaka 2010. Vitabu vingi vya zamani hukuelekeza kwayo, na maktaba za leo zinaweza kukukatalia juu yake. Kama huna sababu maalumu, chukua SBCL.

Hatua ya 1: kusakinisha

Kwenye Debian au Ubuntu:

    sudo apt install sbcl rlwrap curl emacs

Kwenye Mac ni `brew install sbcl`, na kwenye Windows kuna faili la .msi katika tovuti ya sbcl.org. Usiiruke rlwrap. SBCL peke yake haijui mishale ya kibodi: ukibonyeza wa juu ili urudishe mstari uliopita, unaona `^[[A`. Anza kwa `rlwrap sbcl` na tatizo limeisha.

Toleo la apt huwa limepitwa na miezi, wakati mwingine miaka. Ukihitaji jipya, hilo la zamani ndilo litakalolikompaili, maana SBCL imeandikwa kwa Lisp na inahitaji Lisp ya kuizalisha. Pakua faili la chanzo, lifungue, kisha ndani ya folda:

    sh make.sh --fancy
    sudo sh install.sh

Itakaa ndani ya /usr/local. Hapa pana mtego: ikiwa ulishaweka SBCL_HOME kwenye .bashrc ikielekeza kwenye folda ya zamani, SBCL mpya itatafuta vitu vyake huko. Utapata ujumbe unaoanza na "core was built for runtime", au `(require :sb-posix)` itakataa. Futa mstari huo wa SBCL_HOME. Toleo jipya linajua lilipo.

Hatua ya 2: Quicklisp

Quicklisp ndiyo inayoleta maktaba. Inasakinishwa mara moja tu kwa kila mtumiaji wa mashine, bila sudo:

    curl -O https://beta.quicklisp.org/quicklisp.lisp
    sbcl --load quicklisp.lisp

Ukishaingia:

    (quicklisp-quickstart:install)
    (ql:add-to-init-file)

Amri ya pili inaongeza mistari kwenye ~/.sbclrc ili Quicklisp ipakiwe kila unapofungua SBCL. Kumbuka faili hilo, kwa sababu `sbcl --script` hailisomi. Ndiyo maana skripti inayoita `ql:quickload` hufa na ujumbe kwamba pakeji (kundi la majina) ya QL haipo, ingawa kwenye dirisha la kawaida inafanya kazi vizuri. Kwa kazi zisizohitaji mtu kukaa mbele ya skrini tumia `--non-interactive`, ambayo hairuki .sbclrc.

Kwa kihariri cha Emacs na SLIME, nyongeza yake inayozungumza na Lisp, andika `(ql:quickload "quicklisp-slime-helper")`, kisha weka haya kwenye ~/.emacs.d/init.el:

    (load (expand-file-name "~/quicklisp/slime-helper.el"))
    (setq inferior-lisp-program "sbcl")

Fungua Emacs upya, bonyeza Alt-x, andika `slime`. Amri tatu zinatosha kuanzia (C- ni kushikilia Ctrl): C-c C-c inakompaili fanksheni iliyo chini ya kiteuzi, C-c C-k faili zima, na Alt pamoja na nukta inakupeleka mahali fanksheni ilipoandikwa, hata ikiwa ndani ya SBCL yenyewe.

Hatua ya 3: mradi

Tengeneza folda ~/common-lisp/hesabu-maneno/. Jina la kwanza si la kubuni: ASDF, chombo kinachopanga na kukompaili faili za mradi, hutafuta humo bila kuambiwa. Ndani weka hesabu-maneno.asd:

    (defsystem "hesabu-maneno"
      :depends-on ("alexandria")
      :serial t
      :components ((:file "pakeji")
                   (:file "msingi")
                   (:file "kuu"))
      :build-operation "program-op"
      :build-pathname "hesabu-maneno"
      :entry-point "hesabu-maneno:kuu")

Jina la mfumo na jina la faili la .asd lazima yafanane. `:serial t` inasema kila faili linategemea yaliyolitangulia. Bila hiyo lazima uandike utegemezi mmoja mmoja.

Faili pakeji.lisp:

    (defpackage :hesabu-maneno
      (:use :cl)
      (:export #:kuu #:hesabu-faili))

Faili msingi.lisp:

    (in-package :hesabu-maneno)

    (defun herufi-ya-neno-p (h)
      (or (alpha-char-p h)
          (char= h #\')
          (char= h (code-char #x2019))))

    (defun maneno-ya-mstari (mstari)
      (loop with mwisho = 0
            for mwanzo = (position-if #'herufi-ya-neno-p mstari
                                      :start mwisho)
            while mwanzo
            do (setf mwisho
                     (or (position-if-not #'herufi-ya-neno-p mstari
                                          :start mwanzo)
                         (length mstari)))
            collect (subseq mstari mwanzo mwisho)))

    (defun sawazisha (neno)
      (string-trim "'"
        (string-downcase
          (substitute #\' (code-char #x2019) neno))))

    (defun hesabu-faili (njia)
      (let ((jedwali (make-hash-table :test #'equal)))
        (with-open-file (f njia :external-format :utf-8)
          (loop for mstari = (read-line f nil)
                while mstari
                do (dolist (neno (maneno-ya-mstari mstari))
                     (let ((n (sawazisha neno)))
                       (when (plusp (length n))
                         (incf (gethash n jedwali 0)))))))
        jedwali))

Ile #x2019 ni ritifaa iliyopinda. Kiswahili hakiwezi kukata maneno kwenye ritifaa, maana ng'ombe angegeuka "ng" na "ombe". Na simu pamoja na programu za ofisi hupenda kubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, kwa hiyo neno moja hufika kwa sura mbili. `sawazisha` inazirudisha kwenye sura moja, kisha inakata ritifaa za pembeni kwa ajili ya waandishi wanaozitumia kama alama za kunukuu.

`:test #'equal` usiisahau. Bila hiyo jedwali hulinganisha kwa `eql`, ambayo huuliza kama vitu viwili ni kitu kilekile kimoja kwenye kumbukumbu. Kila neno lililosomwa ni kitu kipya, kwa hiyo kila hesabu itatoka 1, na hakuna kosa lolote litakaloonyeshwa.

Faili kuu.lisp:

    (in-package :hesabu-maneno)

    (defun kuu ()
      (let ((njia (first (uiop:command-line-arguments))))
        (unless njia
          (format *error-output* "Matumizi: hesabu-maneno FAILI~%")
          (uiop:quit 2))
        (handler-case
            (let ((jozi (alexandria:hash-table-alist
                         (hesabu-faili
                          (uiop:parse-native-namestring njia)))))
              (loop for (neno . idadi) in (sort jozi #'> :key #'cdr)
                    repeat 20
                    do (format t "~6d  ~a~%" idadi neno)))
          (sb-sys:interactive-interrupt () (uiop:quit 130))
          (error (e)
            (format *error-output* "Kosa: ~a~%" e)
            (uiop:quit 1)))))

Mambo mawili hapa yana sababu. `parse-native-namestring` ipo kwa ajili ya faili kama barua[1].txt: ukimpa `open` maandishi hayo yalivyo, SBCL huona mabano ya mraba na nyota kama alama za kutafutia na inakataa kufungua. Na Ctrl-C si `error` katika mpangilio wa makosa wa Lisp, ndiyo maana ina mstari wake. Ukiuacha, mtumiaji atamwagiwa mistari ya ndani ya SBCL usoni.

`sort` huivuruga orodha unayompa. Thamani inayorudishwa ndiyo yenye mpangilio. Kigeu cha zamani huweza kubaki kimeshika kipande tu. Na usiipangie orodha iliyoandikwa kwa nukuu kama `'(3 1 2)`, kwa sababu hiyo ni sehemu ya kodi yenyewe na matokeo ya kuibadilisha hayana dhamana.

Hatua ya 4: pakia, jaribu, na uingie kwenye debaga kwa hiari

    (ql:quickload "hesabu-maneno")
    (in-package :hesabu-maneno)
    (maneno-ya-mstari "Ng'ombe wa maskini hazai")

Itarudisha `("Ng'ombe" "wa" "maskini" "hazai")`. Ikisema mfumo hauonekani, yamkini folda uliitengeneza wakati Lisp iko wazi tayari. ASDF husoma orodha ya folda mara moja tu. Iamshe kwa `(asdf:clear-source-registry)` urudie.

Sasa andika sentensi mbili tatu katika faili jaribio.txt, kwenye folda ulimofungulia SBCL, kisha fanya kosa makusudi. Futa fanksheni moja kutoka kwenye imeji, halafu ita inayoitegemea:

    (fmakunbound 'sawazisha)
    (hesabu-faili "jaribio.txt")

SBCL inasimama, inasema `sawazisha` haijafafanuliwa, na inakupa njia zenye namba: CONTINUE ya kujaribu tena, USE-VALUE ya kutaja fanksheni nyingine, RETURN-VALUE ya kumpa jibu wewe mwenyewe, na mwishoni ABORT. Kidokezo, ile alama inayosubiri uandike, kimegeuka kuwa `0]`. Wageni wengi hapa hubonyeza ABORT kwa hofu, au hufunga dirisha. Usifunge. Faili bado liko wazi, mstari umeshasomwa, jedwali liko kwenye kumbukumbu na hesabu zake. Bandika `defun` ya `sawazisha` palepale kwenye `0]`, kisha andika 0. Kazi inaendelea kutoka neno lilelile ilipokwama na inamaliza faili. Kwenye faili linalochukua saa moja kusomwa, hiyo ni saa moja uliyookoa.

Kidokezo kikiwa `0[2]` au `0[3]`, umefanya kosa ndani ya kosa. Panda juu kwa kuchagua ABORT ya ngazi husika. `backtrace 10` huonyesha fanksheni kumi za karibu, na `l` huonyesha vigeu vya ndani. Vigeu visipoonekana, kompaila imevifuta ili kuongeza kasi: weka `(declaim (optimize (debug 3)))` juu ya faili, ukompaili upya.

Pale imeji na faili zinapoachana

Ukifuta fanksheni kwenye faili, kwenye imeji bado ipo. Kodi inayoiita itaendelea kufanya kazi kwako na kuvunjika kwa mwenzako.

`defvar` haibadilishi kigeu chenye thamani tayari. Unahariri namba, unapakia faili, thamani ni ileile ya jana. Tumia `defparameter` kwa vitu unavyovibadilisha-badilisha.

Ukibadilisha makro, yaani kodi inayozalisha kodi wakati wa kukompaili, fanksheni zilizokompailiwa kabla hazijui. Lazima nazo zikompailiwe upya. Hali ni hiyohiyo kwa fanksheni zilizotangazwa `inline`, ambazo kodi yake hunakiliwa ndani ya zinazoziita. `defstruct` ni mkali zaidi: ukiongeza sehemu, SBCL inalalamika kwamba unafafanua upya muundo usiopatana na wa zamani. Wakati wa ujenzi tumia `defclass`, ambayo husasisha vitu vilivyokwisha kuundwa.

Ila linaloumiza zaidi ni makro inayotumia fanksheni msaidizi iliyoandikwa katika faili hilohilo. Kwenye dirisha lako inafanya kazi, kwa kuwa msaidizi uko kwenye imeji tangu asubuhi. Kwenye mashine safi, `compile-file` inapofika kwenye makro, msaidizi amekompailiwa lakini hajapakiwa, na inaanguka. Mfunge hivi:

    (eval-when (:compile-toplevel :load-toplevel :execute)
      (defun msaidizi (x) ...))

au mhamishie kwenye faili linalotangulia.

Kwa sababu hizi zote, kila kabla ya kuhifadhi kazi kwenye git, fungua terminali nyingine na ujenge kutoka mwanzo:

    sbcl --non-interactive \
      --eval '(asdf:load-system "hesabu-maneno" :force t)'

`:force t` hulazimisha kukompaili upya hata kama faili za .fasl (matokeo ya kukompaili) zilizo katika ~/.cache/common-lisp/ zinaonekana bado nzima.

Hatua ya 5: herufi zinapoharibika

Jaribu kwa faili lenye ritifaa za aina zote mbili:

    printf "Ng'ombe wa maskini hazai.\nNg’ombe wa tajiri huzaa.\n" > jaribio.txt

Matokeo sahihi ni `ng'ombe` 2 na `wa` 2, mengine moja moja. Ukiona "ngâ" na "ombe", faili limesomwa kama LATIN-1, usimbaji ambao kila baiti ni herufi moja: baiti tatu za ritifaa iliyopinda zimegeuka herufi tatu, na ya kwanza, â, imehesabiwa kuwa sehemu ya neno. SBCL za zamani zilifuata lugha ya mfumo endeshi, na kwenye seva yenye LANG=C ndivyo zilivyoangukia huko. Taja `:external-format :utf-8` kila unapofungua faili na usitegemee bahati.

Faili lililoandikwa kwa Windows ya zamani litaleta kosa la kusimbua badala yake. Lisome kwa `:cp1252`. Kama ni mchanganyiko usiojulikana, `'(:utf-8 :replacement #\?)` itaweka alama ya kuuliza palipoharibika na kusonga mbele.

Hatua ya 6: kufunga programu

    sbcl --non-interactive \
      --eval '(ql:quickload "hesabu-maneno")' \
      --eval '(asdf:make "hesabu-maneno")'

Ndani ya folda ya mradi litatokea faili hesabu-maneno lenye megabaiti 30 hadi 40 hivi, maana limebeba SBCL nzima, kompaila ikiwemo. Usishtuke. Kama SBCL yako ilijengwa na ubanaji, `(member :sb-core-compression *features*)` haitarudisha NIL (yaani "hapana"), na unaweza kuongeza haya mwishoni mwa .asd:

    #+sb-core-compression
    (defmethod perform ((o image-op) (c system))
      (uiop:dump-image (output-file o c)
                       :executable t :compression t))

Litapungua sana, kwa gharama ya kuchelewa kidogo kuanza.

Usijenge kutoka ndani ya SLIME. SBCL haiwezi kuhifadhi imeji yenye thredi (mkondo wa kazi unaoendeshwa sambamba na mingine) zaidi ya moja, na SLIME yenyewe ni thredi kadhaa. Ukipata kosa hilo hata kwenye terminali, kuna maktaba uliyopakia iliyoanzisha thredi wakati wa kupakiwa.

Faili hilo linaendeshwa kwenye mfumo endeshi uleule na aina ileile ya prosesa tu. Ya Windows ijengwe kwenye Windows. Kwenye Linux, ukijenga kwenye Ubuntu mpya na seva ni ya zamani, utaambiwa toleo fulani la GLIBC, maktaba ya msingi ya C, halipo. Jenga kwenye mashine ya zamani kuliko zote unazolenga. Maktaba za C kama libssl au libsqlite3 nazo hazimo ndani, zisakinishe huko iendako.

Hatua ya 7: kumbukumbu ikiisha

"Heap exhausted" haimaanishi kompyuta imeishiwa RAM. Ni kikomo ambacho SBCL ilijiwekea ilipoanza. Kitazame kwa `(sb-ext:dynamic-space-size)`. Kibadilishe kwa `sbcl --dynamic-space-size 4GB`. Kwa programu iliyofungwa, chaguo hilo liweke wakati wa kujenga, kwa kuwa `asdf:make` huhifadhi mipangilio ya mwanzo ndani ya faili na baadaye programu haiisomi tena kutoka kwa mtumiaji.

Kumbuka pia kwamba mfagiaji wa kumbukumbu wa SBCL huhamisha vitu vilivyo hai kwa kuvinakili. Data hai ya gigabaiti 2 inaweza kuhitaji karibu 4 kwa muda mfupi wakati wa kufagia. Kwenye seva ndogo, hapo ndipo Linux huiua programu kwa neno moja tu, "Killed", bila debaga wala maelezo. Punguza kikomo kiwe chini ya RAM uliyonayo ili angalau SBCL ipate nafasi ya kulalamika yenyewe.

"Control stack exhausted" ni jambo tofauti, na mara nyingi ni fanksheni inayojiita bila kikomo. Kiasi cha kawaida ni megabaiti 2. Kama kweli unapita kwenye mti wenye kina kirefu, `--control-stack-size 50MB`. La sivyo, kagua sharti lako la kusimama kabla hujaongeza chochote.

Kasi iache mwisho, na uipime kwanza: `(time (hesabu-faili "kubwa.txt"))`. Tazama idadi ya baiti zilizotengwa kuliko sekunde. Katika programu yetu kila neno linazaa nakala kwa `subseq`, kisha `substitute`, kisha `string-downcase`. Hapo ndipo pa kukata, si kwenye jedwali. Usiweke `(safety 0)` kwa mradi mzima. Ikiwa lazima, iwe ndani ya fanksheni moja uliyokwisha kuijaribu, maana aina ya data ikikosewa huko, SBCL haitakuambia kitu, itaandika juu ya kumbukumbu isiyo yake.